Nilivyomfunza Zafarani Upole

Jumatatu, 3 Novemba

Nimepata kazi! Mimi, Nzai wa Munga, ni mwalimu wa farasi hapa Likoni. Farasi ni mmoja tu, lakini ni farasi. Anaitwa Zafarani. Marehemu mume wa Bi Mwanarusi alikuwa akiwapandisha watoto ufukweni siku za sikukuu, na tangu azikwe farasi hana kazi, hana mwalimu, na ameanza kung'ata wageni. Bi Mwanarusi akaniuliza kama nawajua farasi. Nikamwambia nimesomea. Hakuuliza wapi. Namshukuru Mungu hakuuliza wapi.

Ukweli ni kwamba nimetazama video. Mzungu mmoja mwenye kofia anafunza farasi bila kiboko, bila kelele, kwa pumzi na macho tu. Nilifika karibu nusu, bando likaisha. Nadhani nusu ya pili ni marudio.

Sasa sharti. Mwanawe, Ismail, anaoa Ijumaa ya wiki ijayo. Bi Mwanarusi ameapa wallahi kijana wake atakwenda msikitini kuoa juu ya farasi wa babake, kwa matari, mtaa mzima uone. Zafarani akimfikisha salama na mapema, kazi ni yangu, pamoja na chumba kilicho nyuma ya banda. Asipomfikisha, kazi na chumba ni vya Luqman wa Magongo. Huyo aliwahi kulea farasi wa hoteli, na hutembea na kiboko kiunoni hata akienda kununua maziwa.

Chumba! Mimi na mke wangu Velma tumekuwa tukilala sebuleni kwa dada yake, Linda, kule Ziwa la Ng'ombe, ng'ambo ya feri. Godoro halitandikwi mpaka Linda amalize tamthilia zake, na tamthilia za Linda haziishi. Tumehamia huku leo. Velma ametundika pazia la maua, akawa anaimba huku akitundika. Sijamsikia akiimba nje ya kanisa tangu mwaka jana. Kuhusu sharti la Ijumaa sijamwambia.

Jumanne, 4 Novemba

Somo la kwanza. Mzungu alisema usimfuate farasi. Mpe mgongo, ataona upweke, atakuja mwenyewe. Nikampa mgongo. Nikasubiri. Jua likanichoma utosi. Nikasikia kwato. Anakuja! Machozi yakanilengalenga. Akafika, akaing'ata kola ya shati, akaondoka nayo.

Lakini alikuja. Hilo ndilo la kuandika.

Dalili kubwa ni midomo. Farasi akilamba midomo, amekukubali. Basi nimeshinda mchana nikimtazama mdomo. Bi Mwanarusi akachungulia juu ya ua, akauliza kuna jino nataka kumng'oa? Nikamwambia huu ni utaalamu. Akasema haya, lakini Ijumaa ni Ijumaa.

Kuna jambo linanisumbua. Farasi husikia moyo wa mtu kutoka mbali, nao wangu unapiga kama unafukuzwa. Maana yake anajua. Katika Likoni nzima, Zafarani peke yake ndiye anayejua sikusomea.

Alhamisi, 6 Novemba

Tumetoka nje! Mimi mbele na hatamu, yeye nyuma, barabara ileile ya msikitini watakayopita siku ya harusi.

Shida ni watu. Mtu mwenye farasi hapiti hivihivi. Kila kibaraza kina mtu, na kila mtu ana salamu. Mimi nimelelewa. Nikimpita mtu mzima bila shikamoo, mamangu atapata habari huko Ganze kabla sijafika nyumbani. Kwa hiyo nasimama. Mzee Mwidani, jirani wa Bi Mwanarusi, hasalimii mtu nusunusu. Ataulizia hali yako, ya mkeo, ya mamako, ya mguu wa mamako, na kama Ganze imenyesha. Mimi nami namuulizia vyake. Wakati wote huo Zafarani anavuta kamba, anapiga kwato, ananikokota huku nikisema alhamdulillahi kinyumenyume. Aibu iliyoje!

Nikabuni dawa. Nimetia vipande vya sukari guru mfukoni. Nikisimama kusalimiana, nampa kimoja. Salamu zikiisha, twende. Mtu mwingine, simama, kipande, salamu, twende. Jioni wakati wa kurudi alikuwa akisimama kama mlingoti, ametulia, mpaka mazungumzo yaishe. Mzee Mwidani akasema farasi huyu ana adabu kuwashinda wajukuu zake. Nilifurahi hata nikasahau sharti.

Tukakutana na Luqman. Alikuwa na vile vidude vya muziki masikioni. Akapita bila salamu, bila kutikisa kichwa. Mtu kama huyo ndiye anataka kumfunza kiumbe wa Mungu tabia njema!

Jumamosi, 8 Novemba

Luqman amekuja mara mbili kuzunguka banda. Anapima ua kwa macho. Amechungulia hata chumba chetu, akamuuliza Velma kama paa linavuja. Velma akaja kuniuliza kwa nini mtu huyo anataka kujua kuhusu paa. Nikamwambia labda ni fundi.

Lazima aondolewe. Nina mpango.

Nimemfuata pale kwa muuza kahawa, nikamnong'oneza kirafiki kwamba Zafarani ana upele mbaya, ule unaoambukiza watu, na kwamba mimi nabaki kwa kuwa sina pa kwenda, lakini yeye bado kijana, ajionee huruma. Akarudi nyuma. Akajipangusa mikono kwenye suruali. Akaondoka bila kumaliza kahawa!

Nimelala usingizi mzuri mchana huu.

Jumapili, 9 Novemba

Luqman hakukimbia. Alikwenda moja kwa moja kwa Bi Mwanarusi kumwonea uchungu kuhusu upele. Bi Mwanarusi akampigia daktari wa mifugo, akaja jana hiyohiyo jioni. Daktari hakumkuta Zafarani na upele. Lakini akasema kwa kuwa kuna mashaka, na kuna harusi, heri kinga. Farasi akapigwa sindano. Kisha akauliza ni nani amekuwa karibu naye. Wote wakanigeukia.

Nimepakwa dawa ya zambarau kuanzia shingoni hadi vidoleni. Ndivyo nilivyokwenda kanisani. Benchi letu lote lilikuwa letu peke yetu. Velma aliimba akitazama mbele tu. Tuliporudi akataka kujua kama kuna jambo lolote, lolote kabisa, ambalo ningependa kumwambia kuhusu kazi hii. Nikasema hakuna. 

Jumanne, 11 Novemba

Velma ananinunia. Nimejaribu mbinu ya farasi. Nikampa mgongo, nikakaa kimya, nikasubiri aone upweke. Nilipogeuka alikuwa amekwenda mazoezi ya kwaya.

Haya, kazi. Nimeketi na kufikiria kila kitu kinachoweza kumtisha farasi siku ya harusi, kisha nimemtisha nacho. Matari: nimepiga mitungi ya maji mpaka majirani wakaja. Vigelegele: nimepiga mwenyewe, mpaka majirani wakaja tena. Miavuli, leso zinazopepea, honi za bodaboda, mbuzi, moshi wa udi. Mwanzoni aliruka. Saa hizi namfungulia mwavuli puani, yeye anatafuna majani. Tukitoka barabarani, salamu na sukari guru kama kawaida. Anasimama mwenyewe sasa, hata kabla sijavuta hatamu. Ni upole wake wa asili unaanza kujitokeza.

Bado hajalamba midomo.

Alhamisi, 13 Novemba

Balaa jipya. Bwana harusi anaogopa farasi!

Ismail alikuja bandani peke yake, akanivuta pembeni. Kijana mzima, mrefu, anauza vipuri vya magari. Akasema Kaka Nzai, nisitiri. Tangu utotoni hawezi hata kumkaribia mnyama huyu, babake hakujua, na mamake akijua atalia. Akauliza kama haiwezekani yeye apande tuktuk na farasi afuate nyuma kama heshima. Nikamwambia siri ni pumzi. Tukakaa kwenye majani makavu tukavuta pumzi ndani, tukaishika. Mimi nilikuwa nahitaji zoezi lile kumshinda yeye. Tuliishika mpaka Ismail akaanza kuona nyota, nami nikaegemea ndoo ikapinduka. Zafarani alitutazama sote wawili. Sijui alifikiria nini.

Hatimaye nikampandisha. Akakaa. Akafumba macho, lakini akakaa.

Bi Mwanarusi amesema sheikh wa kuozesha ana ndoa nyingine Ukunda, hivyo baada tu ya sala ya alasiri lazima mtu awe pale. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Mimi nilikuwa nao wa kututosha wote.

Nimepitia tena kila kitu kichwani. Ngoma, moshi, mbuzi, miavuli, bwana harusi. Hakuna nilichoacha. Mbona basi sipati hamu hata ya chai? Velma amenipikia mchaichai, akanishika bega, akasema kesho jioni tutanunua kapeti dogo la hapa mlangoni. Nimekwenda kusimama nje kidogo.

Ijumaa, 14 Novemba

Naandika nikiwa ndani ya banda. 

Mwanzo ulikuwa mzuri kupita kiasi. Ismail juu, joho jeusi, kilemba, upanga wa babu yake kiunoni. Rangi ilimtoka, lakini alikuwa anapumua. Mimi mbele na hatamu, ndani ya kanzu ya kuazima. Matari yakalia. Zafarani hata sikio hakutikisa! Vigelegele, wala. Miavuli, wala. Bodaboda wakammiminia honi, wala. Nikamwona Luqman amesimama kando na kiboko chake, nikamhurumia kweli.

Kisha Mzee Mwidani, kutoka kibarazani kwake, akanyanyua mkono: asalaam aleikum, bwana harusi!

Zafarani akasimama.

Ismail akaitikia. Mzee akauliza habari, akaambiwa njema. Akaulizia mama, akaambiwa hajambo. Akaulizia bi harusi, watu wakacheka, akaambiwa alhamdulillahi. Zafarani akageuza shingo taratibu, akatia mdomo ubavuni mwangu. Hakuna kitu. Sukari guru ilikuwa kwenye suruali yangu nyumbani. Akasubiri. Akanusa tena. Alipochoka kusubiri ndipo akapiga hatua, na papo hapo mwenye duka la mkaa akaita salaam aleikum, Ismail, hongera baba! Akasimama tena.

Ni nani Mpwani atakayemwona bwana harusi juu ya farasi asimsalimu? Mtaa mzima ulikuwa umetoka kwa kazi hiyo tu! Kila mlango, kila dirisha, kila kibaraza. Na Zafarani akamheshimu kila mmoja. Kila alipokosa kipande chake alisubiri zaidi kidogo, kama mtu anayewapa nafasi ya kujirekebisha. Mimi nilijua sababu. Ni moyo wangu, anausikia. Nikavuta pumzi. Nikampa mgongo. Nikamtazama midomo. Ismail akaninong'oneza kutoka juu kama inaruhusiwa kushuka.

Luqman akaja na kiboko juu. Kabla hajakishusha, rafiki zake kule ng'ambo wakamwita, Luqman, salaam aleikum! Zafarani akakita miguu yote minne chini. Luqman akavuta, akasukuma, akatukana. Ukuta mtupu.

Ndipo Bi Mwanarusi akashuka kutoka kwenye tuktuk aliyokuwa akifuatia na shangazi zake. Akatazama mara moja tu. Salamu, farasi kasimama, mdomo ubavuni mwangu. Akaniuliza, kwa sauti ndogo ambayo sitaisahau, nilikuwa nikimpa nini mnyama huyu, na wakati gani. Nikamweleza. Akaomba stara kwa Mungu. Kisha akajifunga leso kiunoni, akawageukia watu wote akapaza sauti: wallahi asisikike mtu! Hakuna salamu, hakuna hongera! Asiyeweza kujizuia ageukie ukutani!

Matari yakazimwa, maana wapigaji ndio waliokuwa wakisalimia kuliko wote. Watu wakainamisha vichwa, kwa sababu ukikutanisha macho na mtu utamsalimu tu. Na tukaenda. Zafarani alitembea vizuri ajabu, laini, kichwa chini, kama nilivyoota siku zote. Nilitaka kumwita mtu aje aone.

Lakini fikiria wanaotuona kutoka mbele. Wanaume wengi, kanzu nyeupe, macho chini, kimyaa, wanakwenda polepole kuelekea msikitini. Muuza viazi akafunika karai lake. Wacheza bao wakasimama, wakajiunga nyuma yetu, wakawa wanaulizana kwa ishara aliyefariki ni nani. Nyumba ya bi harusi iko karibu na msikiti. Bibi yake, amekaa mlangoni, akamwona Ismail amefumba macho juu ya farasi, uso umempauka, kundi zima la waombolezaji likimsindikiza. Akapiga ukemi! Wanawake wakatoka ndani na kilio. Samiha, bi harusi mwenyewe, hina ikiwa bado mbichi mikononi, akaambiwa mchumba hayupo tena duniani. Wanja ulimshuka mpaka kidevuni.

Imamu akatoka nje akauliza jeneza liko wapi.

Sheikh alikuwa ameshaondoka kwenda Ukunda. Alirejea baada ya isha, na ndoa ikafungwa, alhamdulillahi. Ismail alikwenda kwa miguu, na sijawahi kumwona mtu mwenye furaha kama ile. Lakini baba yake Samiha bado amekasirika. Anasema watu gani hawa wanaingia mtaani kwa mtu na kumpita mlangoni bila hata salamu.

Jumapili, 16 Novemba

Bi Mwanarusi ameniita. Nikamwamkia, akaitikia marahaba. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Akasema Nzai mwanangu, umemfunza farasi wa watu kusimama akisikia salamu. Nikamwambia hapana, sikumfunza hilo hata siku moja. Farasi hawezi kujifunza kitu ambacho sikumfundisha.  Kisha akasema Luqman anahamia kesho.

Nilikwenda kumuaga Zafarani. Niliweka paji la uso wangu kwenye shingo yake. Nilikuwa na huzuni kubwa, siwezi kuficha. Moyo haukupiga hata kidogo, nadhani ulikuwa umechoka. Naye akalamba midomo! Leo!

Velma alishusha pazia mwenyewe. Hakulia, hakunitukana. Alilikunja vizuri sana, kona kwa kona, akalitia chini kabisa ya mfuko.  Tulivuka feri tukiwa tumesimama bega kwa bega, kila mtu akitazama maji ya upande wake.

Jumatano, 19 Novemba

Sebuleni kwa Linda. Tamthilia. Mwanamke mmoja ndani ya televisheni amepoteza kumbukumbu, na hatulali mpaka imrudie.

Lakini kuna habari njema mbili! Ya kwanza, nimesikia Luqman alikwama na Zafarani karibu na feri, abiria waliposhuka wakijuliana hali. Alibaki pale hadi watu wote walipokwisha, na kisha ikaja feri nyingine. Si vizuri kufurahia shida ya mwenzako. Nimefurahi sana.

Ya pili, nimepata kazi! Kai, anayeuza maji huku Ziwa la Ng'ombe, ana punda mkorofi anayekimbia na mkokoteni na kumwaga mitungi yote. Nimemwambia mimi ndiye mwalimu aliyempandisha farasi bwana harusi wa Likoni. Ameniambia nikimtuliza punda huyu, kuna chumba nyuma ya tangi lake ambacho hakina mtu. Velma nimemwambia kuhusu chumba tu.

Velma ameniuliza taratibu, jicho likiwa kwenye televisheni, kama nimeelewa ni kitu gani kiliharibika kule. Nikamwambia nimeelewa vizuri kabisa. Siku ya harusi mfuko wangu ulikuwa mtupu. Mwalimu hawezi kutoka nyumbani bila sukari guru.  Akaongeza sauti ya tamthilia.

Basi leo nimetoka na punda, mifuko yote miwili imejaa mpaka inaning'inia. Watu wa huku wamenikumbuka, jamani! Mama Caroline, mafundi wa baiskeli, mzee wa mtaa, kila mtu anataka kujua nilikuwa wapi na habari za Likoni. Nimesimama kwa kila mmoja, nikampa punda kipande, tukaulizana mpaka tukamaliza. Mpaka magharibi alikuwa anasimama mwenyewe. Maji hayakumfikia mteja hata mmoja, lakini hakuna tone lililomwagika.